Bei ya Ubao wa Ahti Lepola

Henriikka ameuleta ndani ya mfuko wa sokoni,
umezungushiwa taulo, theluji bado imo mabegani mwake.
"Ulikuwa wa baba. Niambie una thamani gani."
Nje, mto wa Tampere unapita kati ya viwanda vya matofali
ukinguruma kama spika iliyosahauliwa wazi.

Mimi kazi yangu ni kukadiria. Sina nyingine.
Naugeuza ubao chali:
skrubu sita, moja si ya kwake.
Adapta imefungwa utepe mweusi shingoni.
Tundu la waya limelegea kama jino la mtoto.
Naandika: toa euro ishirini.

Nauwasha. Skrini inapepesa, inasita, inakumbuka.
Sauti mia moja za kiwandani,
na nyuma yake zile alizozitunga mwenyewe, tisa tu.
Nachukua gitaa la dukani, lile lenye kovu,
nakanyaga.

Ya kwanza ni mkwaruzo: mchanga mwingi, nyama kidogo,
kijana anayegombana na mlango.
Hakuitumia; kitufe chake hakina hata mchubuko.
Ya pili inaligawa gitaa moja kuwa matatu,
na yote matatu yana mafua.
Ya tatu siisemi.
Ya nne ni mwangwi. Hapo nikaacha kalamu.

Mwangwi uliopimwa kwa sikio, si kwa kitabu cha maelekezo:
noti inaondoka, inavuka ziwa,
inagusa ukuta wa mbao wa ukumbi wa dansi,
inarudi imechelewa kidogo,
kama mwanamume aliyekatiza sakafu nzima
kumwomba mtu tango
na njiani maneno yakamtoka.

"Hiyo," akasema Henriikka, "hiyo ni Julai."
Sikuandika kitu. Fomu yangu haina safu ya Julai.

Nikaandika haya: uvumi wa chinichini, kama friji ya jirani.
Ukihama sauti moja kwenda nyingine kuna pengo,
nusu ya kufumba jicho, muziki unakatika.
Wanunuzi wa siku hizi hawalisamehe pengo hilo.
Toa kumi na tano.

Kisha nikakiona kitufe cha mwisho, kulia.
Vingine vyote vina rangi. Hiki kilibaki chuma kitupu,
kimeng'aa, kimebonyea kwa umbo la soli.
Nikajiambia: hapa ndipo alipoificha,
ile sauti aliyoipenda kuliko zote.
Nikakanyaga.

Kimya.

Taa ndogo tu, na herufi ya uzi:
uko juu, uko chini, uko sawa.
Kitufe cha kutyuni.

Miaka kumi na tisa, baada ya kila wimbo,
watu wakifuta jasho, wakichagua wa kucheza naye,
yeye alikanyaga kimya hiki
akainama kusubiri kijani.

"Sikio la kushoto lilianza kumdanganya," akasema Henriikka.
"Halafu la kulia. Hakumwambia mpiga ngoma.
Mama alidhani ni madoido ya msanii."
Akacheka kidogo, akajifuta pua kwa glavu.

Nikajumlisha. Sitini.
Sabini akipatikana mjinga.
Nikamwambia sitini. Sikuongeza senti ya huruma;
ukianza kuongeza hiyo, duka linafungwa kabla ya Pasaka.

Akauzungushia taulo. Akalifungua tena.
"Unaweza kuning'olea hicho kimoja?"
"Bila hicho ni thelathini."
"Sawa."

Nikatafuta bisibisi.
Skrubu tano zilitoka kwa utii.
Ile ya sita, isiyo ya kwake,
aliyoikaza mwenyewe, sijui usiku gani, kwa mkono upi,
ikakataa.